Kisa cha Singapuri: mpango wa 1971 na nafasi zilizoachwa wazi

Mwaka 1958 kisiwa cha Singapuri kilipata mpango wake wa kwanza wa matumizi ya ardhi wenye nguvu ya sheria. Waliouandaa walikadiria kwamba kufikia 1972 kisiwa kingekuwa na watu wapatao milioni 2. Sensa ya 1970 ikahesabu milioni 2.07. Ni nadra makadirio ya watu kupiga shabaha namna hiyo, lakini mpango wenyewe ulikuwa umeshapitwa na mambo miaka mingi kabla. Mpango uliofuata, wa 1971, ulichorwa kwa ajili ya watu milioni 4. Mwaka 1990 walikuwa bado milioni 3.05, na hiyo milioni 4 ikafikiwa mnamo 2000, karibu miaka thelathini baada ya michoro kukamilika. Huo wa pili ndio uliokipa kisiwa umbo lake.

Usahihi wa hesabu, basi, haukuwa ndio kiini cha jambo. Kilichotofautisha mipango hii miwili ni namna kila mmoja ulivyoshughulika na ardhi ambayo haijahitajika bado.

Mpango uliojua kukataa tu

Mpango wa 1958 ulitokana na upimaji ulioanza 1952 chini ya shirika la kikoloni la uboreshaji wa mji, lililoundwa 1927. Ulikuwa mpango wa Kiingereza hasa: kila kiwanja kina rangi yake, kila rangi ina matumizi yake na msongamano wake, mji unazungushiwa ukanda wa kijani, na nje ya ukanda panatengwa mahali pa miji mipya. Ulitakiwa kupitiwa upya kila miaka mitano.

Aina hii ya mpango inategemea kwamba kuna mtu mwingine atakayejenga. Serikali inasubiri maombi, inayapima dhidi ya ramani, inakubali au inakataa. Singapuri ya wakati huo haikuwa na mwekezaji binafsi aliyeona faida ya kumjengea kuli wa bandarini aliyepanga kijichumba kwenye nyumba ya duka, yaani nyumba yenye duka chini na makazi juu. Ramani ilieleza vizuri kile kisichoruhusiwa, ila hapakuwa na chombo cha kulaza hata bomba moja la maji kwenye miji mipya iliyochorwa.

Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza makazi ya mabanda ya Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makao. Bodi ya nyumba ya umma, HDB, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Katika miaka mitano yake ya kwanza ilijenga nyumba zaidi ya 50,000, pale ardhi ilipopatikana haraka. Upande wa magharibi, kazi ya kugeuza mabwawa ya Jurong kuwa eneo la viwanda ilianza mwaka huohuo wa 1961. Vyombo viwili vya serikali vilikuwa vinakichonga kisiwa, huku mpango rasmi ukirekebishwa nyuma yao ili ufanane na kilichokwisha kujengwa. Ofisi ya mipango ikifika hatua hiyo, imebaki kuwa masijala.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitwa mara mbili. Erik Lorange alifika 1962. Mwaka uliofuata wakaja Otto Koenigsberger, Charles Abrams na Susumu Kobe. Ushauri wa hao watatu ulikuwa wa kuachana na ramani inayotaka kusema kila kitu kuhusu kila kiwanja. Badala yake kuwe na sura nyepesi ya kisiwa kizima, pamoja na programu za utekelezaji zenye bajeti na mhusika. Sura waliyopendekeza ilikuwa pete: miji inayozunguka eneo la maji katikati ya kisiwa.

Tarehe 9 Agosti 1965 Singapuri ikatengana na Malaysia na hesabu zote zikabadilika. Kisiwa sasa kilikuwa nchi ya kilomita za mraba zipatazo 580. Mji wa kawaida huwa na pembezoni pa kusukumia yasiyopendeza, kama dampo, machinjio, makaburi, uwanja wa kulenga shabaha na matangi ya mafuta. Hapa yote yalipaswa kupata mahali ndani ya ufukwe uleule, pamoja na jeshi, bandari, uwanja wa ndege na maji ya kunywa.

Miaka minne mezani

Mradi wa kuandaa mpango mpya ulianza 1967 kwa msaada wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa na kukamilika 1971. Ukiisoma ramani yake kwa mantiki, unaona kwamba imejengwa kuanzia kwenye vitu visivyohamishika. Katikati ni eneo la kukusanyia maji ya mvua, lenye mabwawa ya MacRitchie, Peirce na Seletar. Kusini ni bandari, kwa sababu kina cha maji kiko huko. Halafu kuna maeneo ya jeshi, na chini ya njia za ndege hapawezi kuinuka jengo refu. Hayo yakishawekwa, ndipo ukubwa halisi wa kisiwa unapojulikana.

Wapangaji wengi huanza upande wa pili: wanakadiria mahitaji, wanayageuza kuwa hekta, halafu wanayagawa juu ya ramani. Kwenye bara kosa hilo hufichika kwa kuusogeza mpaka wa mji. Kwenye kisiwa linajitokeza miaka kumi baadaye, pale nyumba zinapokuwa zimeshakaa juu ya chanzo cha maji.

Baada ya hapo ndipo panakuja kugeuza watu kuwa ardhi, na hapa kuna mtego ambao mpango wowote wa muda mrefu unaweza kuingia. Mji mpya wa mfano wa HDB ulihesabiwa kuwa na nyumba 40,000 kwenye hekta 625. Ndani yake kuna vijiji vya nyumba 4,000 hadi 6,000, kila kimoja na maduka na shule zake, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vijiji hivyo viligawanywa katika vikundi vya nyumba 400 hadi 800. Sasa angalia idadi ya watu katika kaya. Mwaka 1980 wastani wa Singapuri ulikuwa watu 4.9, kwa hiyo mji wa mfano ungebeba watu 196,000. Mwaka 2020 wastani ulikuwa 3.2, na mji uleule ukijaa kabisa unabeba 128,000. Nafasi ya watu 68,000 imetoweka pasipo kuongezeka mtoto hata mmoja. Vijana wamechelewa kuoa au kuolewa, wazee wanaishi peke yao, na kila kaya inadai mlango wake. Anayepanga kwa vichwa bila kupanga kwa milango atakosa ardhi hata kama makadirio yake ya watu ni sahihi.

Umbo lililochaguliwa lilikuwa pete ya miji kuzunguka mabwawa, pamoja na mkanda wa maendeleo upande wa kusini kutoka Jurong hadi Changi. Sababu yake kubwa ilikuwa safari za watu. Kazi zote zikiwa katikati ya mji, asubuhi mabasi hujaa kuelekea upande mmoja na kurudi matupu, maana yake njia inajengwa kwa watu wawili na kutumiwa na mmoja. Kwa hiyo viwanda vyepesi visivyo na moshi viliwekwa kandokando ya miji mipya, na vizito vikaenda Jurong. Safari zikapungua urefu, na zilizobaki zikagawanyika pande zote mbili. Ilifanya kazi kwa sehemu tu. Ajira za ofisi zilibaki zimerundikana katikati, na mapitio ya mpango huo ya 1991 yalilazimika kuja na vituo vya kanda huko Tampines, Woodlands, Jurong East na Seletar ili kuzivuta nje.

Miaka kumi ya kubishana, na njia ikaendelea kungoja

Mpango wa 1971 ulichora mtandao wa barabara kuu na njia za reli ya abiria. Barabara zilianza kujengwa. Reli ilibishaniwa karibu miaka kumi: je, nchi iitumie fedha hiyo hapo, au mabasi yaliyopangwa vizuri yanatosha? Mwaka 1980 timu ya wataalamu wa Harvard ilipendekeza mabasi peke yake, bila reli. Uamuzi wa kujenga reli ulipitishwa 1982, na tarehe 7 Novemba 1987 treni za kwanza zilianza kubeba abiria kati ya Yio Chu Kang na Toa Payoh, kilomita 6 na vituo vitano.

Upande wowote unaoupenda katika ubishi huo, angalia ardhi ilivyokuwa wakati wote huo. Ushoroba wa reli, yaani ukanda wa ardhi ambamo njia ingepita, ulikuwa umehifadhiwa, na miji mipya ilijengwa kando yake huku ikiacha mwanya. Uamuzi uliweza kuchelewa bila bei yake kupanda kwa sababu ya ubomoaji. Laiti mpango ungehifadhi fedha badala ya ardhi, fedha ingetumika kwingine na ardhi ingejengwa.

Kuhifadhi ushoroba si kuchora mstari. Mstari wa kalamu kwenye ramani ya kisiwa kizima unaweza kuwa na upana wa mita mia ukiuhamishia ardhini, na ofisa wa dirishani hana jinsi ya kujua kama kiwanja cha mwombaji kimo au hakimo. Ushoroba unaodumu hupimwa na kuingizwa kwenye ramani za viwanja zenyewe, kwa nambari. Pia unahitaji kanuni ya matumizi ya muda, kwa kuwa ardhi isiyotumika huvamiwa au huombwa. Bustani, maegesho na vitalu vya miche vinafaa, mradi mkataba uwe mfupi na pasiwe na jengo la kudumu. Mabomba makubwa na nyaya za umeme visipitishwe kwa urefu wake, maana kuvihamisha baadaye kunaweza kugharimu kuliko kubomoa nyumba. Adui mkubwa wa ushoroba ni idara nyingine ya serikali ileile, inayotaka kujenga shule yake mwaka huu na kuona uwanda umelala bure.

Mfano mkubwa zaidi ni ardhi ya Marina, kando ya mji wa zamani. Ilifukiwa kutoka baharini katika miaka ya 1970 na 1980, kisha sehemu kubwa ikakaa miongo kadhaa bila majengo ya maana. Majengo makubwa ya ghuba hiyo yalifika baada ya 2000.

Ardhi ilitoka mikononi mwa nani

Hakuna lolote kati ya haya lingewezekana kwa ramani pekee. Sheria ya utwaaji ardhi ya 1966 iliipa serikali uwezo wa kutwaa kwa manufaa ya umma, maneno yaliyotafsiriwa kwa upana mkubwa. Marekebisho ya 1973 yaliifunga fidia kwenye thamani ya tarehe 30 Novemba 1973, au thamani ya siku ya tangazo, ile iliyo ndogo zaidi. Tarehe hiyo ya kukadiria ilisogezwa mbele mara kadhaa, lakini fidia ya bei kamili ya soko ilirudi mwaka 2007 tu. Umiliki wa serikali ulipanda kutoka asilimia 44 ya ardhi mwaka 1960 hadi asilimia 76 mwaka 1985.

Hapa ndipo wageni wanaokwenda kujifunza hukosea. Hurudi na ramani ya pete na picha za miji mipya, wakaiacha sheria. Wakiwa na ramani bila ardhi, kila barabara mpya itapandisha bei ya viwanja vya mbele yake, na serikali itanunua kwa bei iliyoipandisha yenyewe. Lakini anayetaka kuichukua sheria sharti aseme wazi nani aliyelipa. Walilipa wenye mashamba na wenye viwanja, kwa tofauti kati ya fidia na bei ya soko. Walilipa pia wanakijiji wa kampong, waliohamishiwa ghorofani ambako kuku na mgomba havina pa kukaa. Usafishaji wa mto Singapore na bonde la Kallang, kuanzia 1977 hadi 1987, uliondoa mamia ya mazizi ya nguruwe na bata. Mji wa Bishan umejengwa juu ya makaburi ya zamani ya Wachina. Tangu 1998, maiti anayezikwa hupewa miaka 15 ya kukaa kaburini, kisha mabaki hufukuliwa.

Baada ya kutwaa, serikali iligawa kwa muda na si kwa kudumu: kwa kawaida miaka 99 kwa nyumba, na vipindi vifupi zaidi kwa viwanda, mara nyingi miaka 30. Wengi huliona hili kama suala la mapato. Kwa mpangaji ni saa ya ukutani. Kiwanda kilichopewa miaka 30 mwaka 1975 kinairudisha ardhi 2005, na mpango unaofuata unajua tarehe hiyo mapema. Ubaya wake unaanza kuonekana sasa kwenye nyumba: jinsi miaka iliyobaki inavyopungua, ndivyo thamani ya nyumba ya mzee inavyoyeyuka, na hiyo ndiyo akiba yake kubwa.

Ramani mbili, na pengo lililokuwa katikati

Mfumo wa leo una tabaka mbili. La juu ni mpango wa muda mrefu, unaotazama miaka 40 hadi 50 mbele na kupitiwa takribani kila miaka kumi. Hauna nguvu ya sheria. La chini ni mpango mkuu wa kisheria, unaotazama miaka 10 hadi 15, unaopitiwa kila miaka mitano, na kutaja kwa kila kiwanja matumizi yake na uwiano wa jumla ya sakafu kwa eneo la kiwanja. Kwa uwiano wa 2.8, kiwanja cha mita za mraba 1,000 kinaruhusiwa sakafu za mita za mraba 2,800, zilizorundikwa kwa ghorofa upendavyo ndani ya kikomo cha urefu.

Maelezo haya husikika kama kwamba yalikuwapo tangu 1971. Hayakuwapo. Mpango wa 1971 haukuwa sheria, na ule wa 1958 uliendelea kuwa ndio wa kisheria, ukitiwa viraka. Maofisa waliamua maombi kwa michoro ya ndani ambayo mwenye kiwanja hakuiona. Kiwanja kingeweza kuwa cha makazi kwenye ramani ya hadharani na cha barabara kwenye ramani ya ofisini. Pengo hilo lilizibwa tu baada ya mapitio ya 1991, kisiwa kilipogawanywa katika maeneo 55 na kila moja likaandaliwa mpango wake wa kina. Kazi ilikamilika 1998. Tunauona huu kuwa udhaifu mkubwa kuliko wote wa kazi ya 1971, na ulidumu karibu miaka ishirini na saba.

Udhaifu wa pili haukurekebishika. Mpango uliuona mji wa zamani kama ardhi ya kujengwa upya, na mitaa mizima ya nyumba za maduka ilibomolewa kabla maeneo ya kwanza ya uhifadhi hayajatangazwa 1989. Njia ya reli unaweza kuihifadhi hadi utakapoihitaji, lakini mtaa ukishabomolewa hakuna pa kuutoa tena.

Mchanga unapokatazwa

Kisiwa kimekua hadi zaidi ya kilomita za mraba 730, ongezeko lote hilo likitokana na kufukia bahari. Kazi kubwa ya pwani ya mashariki ilianza 1966 na kutoa takriban hekta 1,500, nyingi zikijazwa kwa udongo wa vilima vya Bedok na Siglap. Vilima vilipokwisha, mchanga ukaanza kununuliwa nje. Malaysia ilizuia uuzaji wake 1997, Indonesia ikazuia 2007. Mpango uliohesabu hekta za baadaye kana kwamba tayari ziko ulijikuta ukitegemea uamuzi wa jirani.

Hata mchanga ukiwapo, ardhi mpya haijengeki siku hiyohiyo. Chini ya bahari hiyo kuna udongo laini wa mfinyanzi, na maji hutoka ndani yake polepole mno. Jengo likiwekwa mapema litazama upande mmoja. Kwenye ufukiaji wa mashariki mwa Changi ilibidi mikanda ya kutolea maji ipenyezwe wima ndani ya udongo kwa wingi, kisha mchanga wa ziada urundikwe juu ili uzito ukamue maji kabla ya kuondolewa. Ratiba ya mpango lazima iihesabu miaka hiyo ya kungoja. Kwenye kisiwa cha Pulau Tekong ilichaguliwa njia ya Kiholanzi tangu 2016: kuzungusha ukuta na kukausha ndani kwa pampu, ardhi ikibaki chini ya usawa wa bahari. Mchanga unaokolewa, na badala yake pampu zitafanya kazi daima.

Mgawanyo wa ardhi uliochapishwa 2013, ukilinganisha 2010 na lengo la 2030, unaonyesha jinsi akiba inavyokwisha. Nyumba zinatoka asilimia 14 hadi 17, viwanda 13 hadi 17, barabara na reli 12 hadi 13, bandari na viwanja vya ndege 3 hadi 6. Ulinzi unabaki 19, yaani zaidi ya nyumba. Fungu la “mengineyo”, ambamo imo ardhi isiyopangiwa kazi, linashuka kutoka 14 hadi 4. Mwaka huohuo serikali ilitaja watu milioni 6.5 hadi 6.9 kwa 2030 kama kipimo cha kupangia miundombinu. Wananchi waliisoma namba hiyo kama shabaha na wakaandamana Hong Lim Park. Kwa mpangaji, kupanga kwa idadi kubwa ni tahadhari. Kwa abiria aliyebanwa kwenye treni ni tishio.

Ikiwa akiba mpya haitapatikana baharini, itapatikana kwenye ardhi iliyokwisha kutumika, na sehemu kubwa kuliko zote inatokana na ubishi mwingine wa miaka ya 1970. Uwanja wa ndege wa Paya Lebar, uliofunguliwa 1955, ulikuwa unaelemewa, na hoja ilikuwa kuongeza njia ya pili papo hapo au kuhamia Changi, ambako ndege zingepita juu ya bahari. Mwaka 1975 Changi ikashinda, na ndege za kwanza zikaanza kuutumia 1981. Paya Lebar ukabaki kambi ya jeshi la anga. Kambi hiyo nayo imepangiwa kuhama kuanzia miaka ya 2030, ikiacha hekta zipatazo 800 pamoja na vikomo vya urefu vilivyoyabana majengo ya upana mkubwa wa mashariki ya kisiwa tangu enzi hizo.